Kupanga Spoki za Gurudumu la Nyuma

Wewe mkulima upelekaye maziwa au gunia la mahindi kwa baiskeli, jua kuwa mzigo wako huchukuliwa na spoki. Usikubali fundi atie spoki za nyuma zikiwa zimenyooka moja kwa moja toka kitovuni hata kwenye rimu, ingawa zapendeza macho. Ukikanyaga pedali, mnyororo huzungusha kitovu, na spoki hizo huvuta rimu vibaya, nazo hukatika upesi. Zipishane. Katika gurudumu la spoki 36, kila moja ipishane na tatu za upande wake. La spoki 40 laweza kupishana nne. Lakini kadiri zinavyopishana zaidi ndivyo zitakiwavyo ndefu zaidi, kwa hiyo mwulize fundi mpango wake kabla ya kwenda dukani.