Kazi ya Jeni katika Chavua

Twazoea kuwafundisha wanafunzi kwamba chavua hubeba tu urithi wa mmea baba. Tukiishia hapo twapotosha, kwani jeni za kila chembe hufanya kazi ingali chavulioni. Tuchukue mmea wa mahindi chotara, uliorithi jeni ya wanga wa kawaida kwa mzazi mmoja na ya wanga wa kunata kwa mwingine. Chavua yake iliyokomaa ikitiwa iodini na kutazamwa kwa hadubini, takriban nusu ya chembe huwa buluu iliyokolea, nusu hudhurungi nyekundu. Kila chembe imepata moja tu ya jeni hizo mbili, ikajitengenezea wanga wake. Wanafunzi wahesabu kwanza, tena mamia, si kumi, maelezo yafuate.