Mafuta ya Chungu, ya Mwili na ya Damu: Kufafanua Ushauri wa Kudhibiti Uzito na Lehemu

1.0 Utangulizi

Mtu aliyepimwa damu na kuelezwa kuwa lehemu yake, yaani kolesteroli, imepanda, aghalabu hupewa ushauri wa maneno mawili: punguza mafuta. Ushauri huo una ukweli ndani yake. Hata hivyo, neno mafuta katika Kiswahili hubeba zaidi ya dhana moja. Kuna mafuta yanayomiminwa chunguni, kuna yanayojilimbikiza tumboni na mapajani, na kuna yanayosafiri katika damu, ambayo lehemu ni mojawapo. Dhana hizi zinahusiana, lakini hazilingani. Makala haya yanafafanua tofauti hizo na kuonesha, kwa mfano wa kisiwa cha Mauritius, kwamba lehemu yaweza kushuka katika jamii ileile ambayo uzito wa watu wake unaongezeka. Hoja kuu ni kwamba ushauri hauna budi kubainisha ni mafuta yapi yanayokusudiwa, na kwa lengo lipi.

2.0 Tofauti kati ya Lehemu na Uzito

Lehemu ni kijenzi muhimu cha seli, na sehemu yake kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe, hususani katika ini. Husafirishwa katika damu ndani ya chembe za mafuta na protini. Chembe za aina ya LDL zikizidi, hupenya kuta za ateri na kuchangia kuziba kwake. Ini huziondoa chembe hizo katika damu kwa kutumia vipokezi maalumu. Mafuta yaliyoshiba, ambayo kwa kawaida huganda kwa urahisi, hudhoofisha kazi hiyo. Takribani nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina hiyo, na katika mafuta ya nazi kiwango huzidi asilimia 80. Katika mafuta ya alizeti ni kama sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo, maandishi ya chupani yasemayo kwamba mafuta fulani ya mimea hayana lehemu ni ya kweli, lakini hayamsaidii sana mnunuzi: linalopaswa kuulizwa ni mafuta hayo yanalifanya ini litende nini.

Uzito, kwa upande wake, hutegemea jumla ya nishati inayoingia mwilini na inayotumika. Hapa aina ya mafuta haileti tofauti: gramu moja ya mafuta yoyote hutoa takribani kilokalori 9, na kijiko kimoja cha mezani hutoa takribani 120. Anayeacha mawese na kutumia alizeti kwa kipimo kilekile huenda akashusha lehemu, lakini hajapunguza nishati hata kidogo. Vilevile, wembamba si kinga. Wapo watu wembamba waliorithi hali ya kuwa na LDL nyingi tangu utotoni.

3.0 Mfano wa Mauritius

Mwaka 1987 serikali ya Mauritius ilibadili mchanganyiko wa mafuta ya kupikia yaliyotumiwa na wananchi wengi, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya mawese, na kuweka mafuta ya soya. Hatua hiyo iliambatana na kampeni ya kitaifa ya afya. Vipimo vya watu wazima vya mwaka 1987 vilipolinganishwa na vya mwaka 1992, wastani wa lehemu yote katika damu ulikuwa umeshuka kutoka milimoli 5.5 hadi 4.7 kwa lita. Uvutaji wa sigara nao ulipungua. Hivyo basi, mafuta hayakuwa badiliko pekee katika maisha ya watu wa kisiwa hicho.

Katika kipindi hichohicho, idadi ya wenye uzito uliozidi au unene iliongezeka: wanaume kutoka takribani asilimia 26 hadi 36, na wanawake kutoka takribani asilimia 38 hadi 48. Aidha, matatizo ya sukari katika damu hayakupungua kwa kiasi cha kuridhisha. Kwa maneno mengine, mafuta ya damu yalishuka ilhali mafuta ya mwili yakipanda.

4.0 Tabia Zinazopendekezwa

Kutokana na maelezo hayo, tabia zifaazo zinaweza kupangwa kwa kufuata lengo. Kwa ajili ya lehemu, jambo la kwanza ni kubadili aina ya mafuta, na la pili ni kula maharage, kunde na nafaka zisizokobolewa, kwa kuwa baadhi ya nyuzinyuzi zake hunasa asidi za nyongo na kulilazimu ini kutumia lehemu kutengeneza nyingine. Kwa ajili ya uzito, jambo la kwanza ni kipimo: mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kwa kukadiria, na vinywaji vyenye sukari vipunguzwe. Mazoezi husaidia pande zote mbili; Shirika la Afya Duniani linapendekeza walau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki.

5.0 Hitimisho

Kuchanganya dhana hizi kuna gharama. Aliyepungua uzito huweza kuacha dawa bila kupima damu, na aliyebadili mafuta bila kupungua huweza kukata tamaa ilhali ateri zake zimekwisha kunufaika. Mizani haipimi lehemu, wala kipimo cha lehemu hakipimi uzito. Mtoa huduma anayesema punguza mafuta anapaswa kuongeza neno moja zaidi: yapi.