Dumuzi katika Ghala la Mkulima Mwenye Duka

Katika vijiji vya Mkoa wa Tabora si ajabu kumkuta mkulima ambaye pia ni mwenye duka. Shamba lake ni la mahindi, pengine na tumbaku. Duka lake ni chumba kimoja cha mbele ya nyumba, ambamo huuza chumvi, sabuni, sukari na betri za tochi. Kazi hizo mbili zimeshikana. Wakati wa mavuno wateja wengi hawana fedha taslimu bali wana mahindi, na deni la sabuni hulipwa kwa kisado au debe. Hivyo, baada ya mavuno ghala la mwenye duka huwa limejaa mahindi yake mwenyewe pamoja na ya nyumba nyingi za jirani. Ghala hilo ndilo chakula cha watoto wake, na ndilo mtaji wa duka.

Mvua za Tabora ni za msimu mmoja, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Mahindi huwa tele baada ya mavuno na huadimika mnamo Januari na Februari. Katika miaka ya 1970 bei ilipangwa na Serikali, moja kwa nchi nzima, na mkulima hakuwa na sababu kubwa ya kuyaweka mahindi ili auze baadaye. Biashara ya nafaka ilipolegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980, subira ikawa na thamani. Kwa bahati mbaya, miaka hiyo hiyo ndiyo aliyoingia dumuzi.

Dumuzi, ambaye wataalamu humwita Prostephanus truncatus, asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Alitambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1983 akaonekana Taveta nchini Kenya, na mwaka 1984 Burundi. Ni mdudu mdogo wa rangi ya kahawia iliyoiva, mwenye urefu wa milimita 3 hadi 4 na nusu, umbo lake kama kipande cha penseli kilichokatwa. Kichwa chake kimeinamia chini ya kifua, hata ukimtazama kutoka juu hukioni. Mahali penye joto la nyuzi 32 za Sentigredi na hewa yenye unyevu, yai huwa mdudu kamili kwa muda wa siku 25 hivi. Kabla ya kuja kwake, adui mkuu wa mahindi ghalani alikuwa fukusi, na wakulima walikwisha kumzoea. Dumuzi ni wa namna nyingine: utafiti uliofanywa Tabora ulionyesha kwamba mahindi yaliyowekwa kwa miezi michache yaliweza kupoteza takriban theluthi ya uzito wake, yakabaki unga na maganda.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mwenye duka ana magunia 10 ya kuuza. Bei ya mavuno iwe shilingi 50,000 kwa gunia, na ya Februari shilingi 80,000. Akiuza mara moja anapata shilingi 500,000. Akisubiri, shilingi 800,000. Lakini dumuzi wakila theluthi, Februari atapima magunia yasiyozidi 6 na robo tatu, ambayo thamani yake ni kama shilingi 540,000. Toa gharama za magunia na dawa, kisha kumbuka kwamba mahindi yaliyotobolewa hayalipwi bei kamili. Miezi yote ya kungoja imekuwa bure, na duka limekosa fedha za kununulia bidhaa.

Mbinu za zamani zilishindwa kwa sababu zinazoeleweka. Desturi ilikuwa kuhifadhi mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, ndani ya kihenge au darini juu ya moshi. Dumuzi hupenda hasa mahindi ya namna hiyo, kwani punje zilizobanana humpa mahali pa kujikaza anapotoboa. Punje zilizopukuchuliwa huteleza, naye hupata taabu. Kukausha vizuri ni lazima ili kuzuia kuvu, lakini peke yake hakumzuii, maana dumuzi huweza kuishi katika nafaka kavu mno. Tena hutoboa mbao na kujificha ndani ya nguzo za ghala hadi mavuno yajayo. Hata dawa zilileta fumbo: dawa ya pirimifosi-methili huua fukusi lakini humlemea dumuzi kidogo tu, na ile ya permethrini hufanya kinyume chake. Ndiyo maana unga wa dawa uliopendekezwa ulichanganya zote mbili. Wataalamu walileta pia mdudu mwingine kutoka Amerika ya Kati, Teretrius nigrescens, amlaye dumuzi. Aliachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Huyo husaidia zaidi porini kuliko ndani ya ghala.

Hapa ndipo mwenye duka anapotofautiana na mkulima wa kawaida. Huyu anahofia mahindi yake tu; mwenye duka hupokea mahindi ya kila mtu, na debe moja lenye dumuzi latosha. Dume akishapata chakula hutoa harufu inayowaita wenzake. Biashara ya mahindi, pamoja na magunia yanayotumika tena na tena, imemsafirisha mdudu huyu mbali kuliko mabawa yake yalivyoweza.

Kabla ya kupokea debe, mwenye duka aweza kutia konzi ya punje ndani ya chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, kisha atikise. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado ni mabichi. (Wanafunzi waweza kulifanya jaribio hili darasani kwa punje za viwango mbalimbali vya ukavu.) Mahindi yake mwenyewe huyapukuchua mapema, huyapepeta, kisha ama huyachanganya na dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, ama huyatia katika mifuko isiyopitisha hewa, ambamo wadudu wenyewe humaliza oksijeni na kufa. Mifuko hiyo haina budi kufungwa mapema, kabla wadudu hawajawa wengi, kwani dumuzi huweza kutoboa hata plastiki. Mahindi aliyopokea dukani hukaa mbali na hayo, katika chumba kingine ikiwezekana, nayo ndiyo huuzwa kwanza.