CHAKULA CHA MSAFIRI KATIKA MJI WA ADDIS ABABA

Mambo mawili humshughulisha Mwislamu anapoingia katika mji asioujua: kibla na chakula. Kibla huulizwa mara moja kikajulikana. Chakula huulizwa kila siku asubuhi, mchana na jioni, na hapo wasafiri hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hula kila kilichoandaliwa, wasiulize kimechinjwa na nani wala kimepikwa katika chungu gani. Kundi la pili huogopa kila kitu. Hujifungia vyumbani na biskuti na tende walizotoka nazo kwao, wakarudi hawakuujua mji wala watu wake. Wa kwanza wamepoteza uangalifu wa dini. Wa pili wamepoteza faida ya safari, ilhali Mwenyezi Mungu ametuhimiza katika Kitabu chake tutembee katika ardhi tupate kuzingatia.

Iko njia ya tatu, na leo tutaionyesha kwa mfano wa Addis Ababa, mji mkuu wa Uhabeshi. Watu wengi wa pwani yetu na wa bara huupitia mji huo kwa biashara, kwa masomo, kwa mikutano ya Umoja wa Afrika, au kwa kubadili ndege tu.

Uhabeshi si nchi ngeni katika masikio ya Mwislamu. Mwaka 615, Makureshi walipowaudhi waumini wa Makka, Mtume Muhammad (s.a.w.) aliwaelekeza wahamie huko, kwa kuwa mfalme wake, Najashi, alikuwa hadhulumu mtu. Jaafar bin Abi Talib alisimama mbele ya mfalme huyo Mkristo akamsomea Sura ya Maryam, na Najashi akakataa kuwatoa wageni wake. Jaafar hakuondoka katika nchi ile mpaka mwaka wa 7 wa Hijra, yaani 628. Basi Masahaba waliishi miaka mingi jirani na Wakristo wa Habasha, na wakaishi nao kwa wema.

Sasa tuje katika nyama. Sura ya Al-Maida imehalalisha chakula cha watu waliopewa Kitabu, na wanavyuoni wameeleza masharti yake. Lakini katika Uhabeshi yenyewe imekuwa desturi ya karne nyingi kwamba Mwislamu hali nyama iliyochinjwa na Mkristo, wala Mkristo hali iliyochinjwa na Mwislamu. Kila upande una wachinjaji wake na mabucha yake. Katika arusi na matanga mara nyingi huandaliwa vyakula mbali mbali, ili kila mgeni ale kwa moyo uliotulia. Msafiri hana haja ya kuwahukumu watu kwa desturi hii. Limtoshalo ni kujua kwamba meza ya nyama huwatenganisha jirani na jirani, kisha aulize: iko wapi meza inayowakutanisha?

Meza hiyo ni ya mfungo. Wakristo wa Kanisa la Orthodox la Uhabeshi hufunga siku nyingi sana. Mcha Mungu wa kawaida hufunga siku 180 hivi kwa mwaka, na mapadri huzidi hapo. Hufunga kila Jumatano na Ijumaa, isipokuwa katika siku hamsini zifuatazo Pasaka. Tena hufunga siku 55 kabla ya Pasaka hiyo, siku 15 katika mwezi wa Agosti, na siku nyingine zaidi ya arubaini kabla ya Krismasi yao ya Januari. Anayeshika mfungo sawasawa hali kitu mpaka alasiri, yapata saa tisa. Na saa za Wahabeshi zinahesabiwa kama zetu za Kiswahili, kuanzia alfajiri. Hata akifungua, hagusi nyama, maziwa, samli wala mayai. Katika Kiamhari mfungo huitwa "tsom", na neno hilo ni ndugu wa "saumu" yetu, kwa kuwa Kiamhari na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja. Nasi tumefundishwa katika Qur'ani kwamba saumu waliandikiwa pia waliokuwa kabla yetu.

Basi angalia hekima iliyomo. Ijumaa, siku ya sala yetu ya jamaa, ndiyo siku ya mfungo wao. Mwislamu akitoka katika Msikiti Mkuu wa Anwar, uliopo katika soko kubwa la Merkato, atakuta mikahawa mji mzima inapika chakula kisichokuwa na mnyama ndani yake. Akiomba chakula cha "tsom" ataeleweka mara moja.

Ataletewa sinia pana liitwalo "beyaynetu", maana yake kila namna. Chini yake pametandikwa injera, mkate mpana na laini kama anjera ya Wasomali, ila mkubwa na mchachu zaidi. Injera hufanywa kwa tefu, nafaka ndogo sana kuliko ulezi wetu. Unga wake hukorogwa ukawekwa siku mbili au tatu uchachuke, kisha humiminwa juu ya chuma au kigae kipana ukaiva upande mmoja tu, na upande wa juu ukafanya matundu mengi. Matundu hayo ndiyo yanayonyonya mchuzi. Juu ya injera huwekwa mafungu mafungu: adesi nyekundu zilizokolezwa berbere, yaani pilipili iliyosagwa pamoja na kitunguu saumu, tangawizi, uwatu na viungo vinginevyo, njegere zilizopasuliwa zenye manjano, zisizo kali, mboga za majani, kabichi na viazi na karoti, na shiro, uji mzito wa dengu zilizosagwa na viungo. Vitunguu vya mchuzi hukaangwa kwanza vikavu bila ya mafuta, hata vikalainika kwa maji yao wenyewe. Siku za kawaida hutiwa samli. Siku za mfungo hutiwa mafuta ya mbegu. Na ukiona sambusa njiani, jina ni lile lile la kwetu, na nyingi zimejazwa adesi.

Sinia hilo huliwa na watu wengi pamoja, kwa mkono wa kulia. Kijana aliyelelewa katika nyumba ya Kiislamu hatafundishwa adabu mpya hapo: atasema Bismillahi, atakula kilicho mbele yake, wala hatapeleka mkono upande wa mwenziwe. Uchachu wa injera usipompendeza, na akumbuke kwamba Mtume (s.a.w.) hakuwa akikitia ila chakula, akikipenda hukila, asipokipenda hukiacha. Tena atazame jinsi wenyeji wanavyokiheshimu. Injera iliyobaki haitupwi. Huchanwa vipande ikachanganywa na mchuzi, ikawa "firfir" ya asubuhi. Wangapi katika nyumba zetu hutupa mkate wa jana, na israfu tumekatazwa?

Baada ya chakula huja kahawa, nayo ni mlango wa mazungumzo. Buni hukaangwa mbele ya wageni, hutwangwa, hupikwa katika mtungi mweusi wa udongo, na ubani hufukizwa. Hunywewa vikombe vitatu, na cha tatu chaitwa "bereka", yaani baraka. Anayeondoka kabla ya hicho amewanyima wenyeji wake heshima, na amejinyima mwenyewe maneno mazuri ya mji.

Lakini uangalifu usiachwe. Siku zisizokuwa za mfungo, mboga yaweza kutiwa mchuzi wa nyama; basi uliza kwa upole kabla ya kuagiza. Jihadhari na "tej", pombe ya asali, na "tella", pombe ya nafaka, wala usikae katika meza inayozungushwa ulevi, hata kama sahani yako ni ya adesi tupu. Wako pia watakaotaka kukutia tonge kinywani kwa mkono wao, jambo liitwalo "gursha", ambalo kwao ni alama ya mapenzi. Akiwa si maharimu wako, weka mkono kifuani, tabasamu, ushukuru. Udhuru wa adabu haumvunji mtu moyo.

Enyi vijana, wako watu wanaodhani kwamba kushika dini ni kuwakimbia watu, na wako wanaodhani kwamba kuishi na watu ni kuilegeza dini. Sinia la mfungo la Addis Ababa lawakosoa wote wawili. Hapo Mwislamu hakuacha chochote katika sharia yake, wala Mkristo hakuvunja ahadi ya mfungo wake, na mikono yao imekutana katika mkate mmoja. Nasi tunaopenda saumu yetu ya Ramadhani iheshimiwe katika miji ya watu, tuanze kwa kumheshimu jirani aliyekaa na njaa yake mpaka saa tisa.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali popote tuendapo, na atufanye wageni wema kama walivyokuwa wageni wa Najashi. Amin.