Bach Hayuko Solo

Mtaani, wasee wengi hujua ngoma za okestra kama ile sauti ya kungojeshwa kwa simu: umepigia ofisi fulani, wakakwambia usubiri, sasa unaskizishwa Vivaldi mpaka kredo inakata. Ukisema base ati unazipenda, wanakucheki ka msee ameanza kuringa. (Korogocho labda ni tofauti, juu mayut wa Ghetto Classics huko huchapa violini ile mbaya.)

Clemency Burton-Hill, mtangazaji wa redio Uingereza, aliijua hiyo noma. 2017 akatoa buku inaitwa Year of Wonder. Form ni rahisi: kila siku ngoma moja, na risto fupi ya mwenye aliitunga. Unasoma mathree ikijaza, unaisaka kwa simu, unaskiza hadi tao. Hakuna mambo ya nota wala mtihani. Siku zingine utaboeka. Ruka tu, kesho kuna ingine.

Kenye kilinibamba ni vile amechanganya majina. Bach na Mozart wako, lakini wamekalishwa na Hildegard, sista Mjerumani wa karne ya 12, na wasee weusi wenye historia iliwaruka. Ukishashika hiyo njia, unajipata kwa Florence Price. Mathe wa Little Rock, Arkansas, alizaliwa 1887. 1933 okestra ya Chicago ikapiga simfoni yake ya kwanza, na hakuna mwanamke mwingine mweusi Marekani alikuwa amewahi kupigiwa simfoni na okestra ya hiyo level. Anza na sehemu ya tatu, inaitwa Juba. Hiyo ilikuwa densi ya watumwa: unapiga makofi, unajichapa mapaja, mwili unakuwa ndio ngoma. Violini zinaruka, besi zinakanyaga chini, na mguu wako unaanza kugonga floo bila kukuuliza. Alidedi 1953. 2009 ndio karatasi zake kibao zikapatikana kwa keja moja imeachwa huko Illinois, mbovu kabisa.

Halafu kuna Samuel Coleridge-Taylor wa London, buda yake msee wa Sierra Leone. Ngoma yake ya Hiawatha ya 1898 iliimbwa kila kona, lakini alikuwa ameuza haki zote kwa doh kidogo, mara moja. Wachapishaji wakaomoka. Yeye akaendelea kusota na kazi mpaka akadedi 1912, na miaka 37 tu. Miaka mbili baadaye, Uingereza ikaunda chama ya kukusanyia watunzi ganji yao. Gusia wasanii wa Nairobi hiyo risto, lakini jipange, hutatoka hapo haraka.