Petroli ya Ndege Haifufui Land Rover Kuukuu

Maonyesho ya magari ya kale yakikaribia, swali huwa ni lile lile: "Fundi, huwezi kunipatia dumu la mafuta ya ndege pale kiwanjani, nitie kwenye Land Rover ya mzee?" Nimeulizwa Nanyuki, Naivasha na Narok, kwenye mashamba ambako Cessna hulala banda moja na Peugeot 404. Jibu langu ni hapana, na safari hii nalieleza kwa kirefu ili nisiulizwe tena.

Kwanza, mafuta yapi? Cessna Caravan inayoleta watalii mbugani hunywa Jet A-1, ambayo ni ndugu wa damu wa mafuta ya taa. Ukiitia kwenye injini ya petroli, injini itagonga, itatoa moshi, na mafuta yasiyoungua yataosha kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye oili. Wanaosema "mafuta ya ndege" bila kujua tofauti hii wameshaharibu injini nzima. Ndege ndogo za pistoni, kama Super Cub na Cessna 206, hutumia petroli ya rangi ya buluu iitwayo Avgas 100LL. Hiyo ndiyo inayosifiwa vijiweni kwamba huipa gari nguvu.

Haiipi. Namba ya oktani hupima jambo moja: uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo ndani ya silinda bila kulipuka ovyo. Injini ya Land Rover ya lita 2.25, iliyotumika katika Series II, IIA na III, ina uwiano wa mgandamizo wa 7 au 8 kwa 1. Magari mengi ya petroli ya leo yamevuka 10 kwa 1, nayo yanakwenda kwa petroli ya kituo cha kawaida. Injini yenye mgandamizo mdogo haina haja na oktani ya ziada, wala haina pa kuipeleka. Tena Nanyuki iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa huko ni kama asilimia 80 tu ya lile la Mombasa, kwa hiyo silinda hujaa hewa kidogo na haja ya oktani hupungua zaidi. Mtu wa nyanda za juu ndiye wa mwisho kuhitaji petroli hiyo, na ndiye anayeisaka kuliko wote!

"Lakini fundi, niliitia na gari ikachangamka." Nakubali, ilichangamka. Gari hilo hutoka bandani mara moja kwa mwezi. Petroli iliyokaa tankini miezi kadhaa hupoteza sehemu zake nyepesi na kuacha utando kwenye kabureta. Ukiimwaga ukatia mafuta mapya, yawe ya ndege au ya kituo, gari litachangamka. Umesifu dawa kwa kazi iliyofanywa na usafi.

Hoja nzito kidogo ni ya risasi. Ni kweli risasi iliyokuwa kwenye petroli ya zamani ilikinga viti vya valvu za ekzosi. Ni kweli pia kwamba Kenya na Tanzania ziliiondoa kwenye petroli ya magari kufikia 2006. Lakini viti hivyo huliwa injini inapokimbizwa kwa kasi na joto kubwa kwa saa nyingi, na Land Rover ya kubebea maziwa haifanyi hivyo. Avgas 100LL inaruhusiwa kuwa na hadi gramu 0.56 za risasi kwa lita, karibu mara nne ya gramu 0.15 zilizokuwa kikomo katika nchi nyingi za Ulaya mwishoni mwa enzi ya petroli yenye risasi. Katika injini isiyopata joto la kutosha, risasi hiyo huganda kwenye plagi, nawe unaanza kununua plagi.

Fanya hivi basi. Mwaga petroli iliyolala, safisha kabureta, weka chujio jipya. Pima tepeti mara kwa mara: nafasi ya valvu za ekzosi ikizidi kupungua, kiti kinaliwa. Siku silinda hedi ikifunguliwa, mwambie fundi wa mashine aweke viti vigumu, na umemaliza. Injini ikigonga, rudisha taimingi nyuma kidogo. Ikizima mchana wa jua kali, petroli inageuka mvuke njiani. Sogeza bomba mbali na ekzosi. Na wenye ndege, msigeuze mchezo: petroli ya gari haiingii kwenye ndege isiyo na idhini ya maandishi ya kuitumia, hata kama jirani anafanya hivyo.

Kuna jambo linaloniudhi kuliko yote. Vijana wa gereji huosha vipuri kwa petroli hii ya buluu mikono mitupu, kisha wanakwenda kula. Risasi iliyomo hupenya ngozi, na kwa watoto risasi huharibu ubongo. Ukimwona kijana akifanya hivyo kwenye banda lako, mnyang'anye kopo hilo leo, umpe sabuni.