Mkono wa Roboti, Mkono wa Tolekisti

Mwaka 2013 madereva wa Kinshasa walikuta askari wa ajabu katikati ya barabara: roboti ya alumini, ndefu kuliko mtu wa kawaida, ikizungusha kifua na kunyoosha mikono kuyasimamisha magari. Walioibuni ni mhandisi Mkongomani, Thérèse Izay Kirongozi, na wenzake wa chama cha Women's Technology. Mwaka 2015 jiji likaongezewa nyingine tatu, zikapewa majina ya Tamuke, Mwaluke na Kisanga.

Kwa nini mikono, ilhali taa peke yake ingetosha? Jibu liko kwa dereva. Tangu alipoanza kushika usukani amekuwa akisoma mikono ya polisi wa roulage, yaani wa usalama barabarani: mkono ukiinuka anakanyaga breki, ukimwelekea anapita. Roboti ilimkuta na somo hilo tayari mwilini. Tena ilitumia nguvu ya jua, na katika nchi ambayo umeme hukatika ovyo, hilo halikuwa jambo dogo. Kamera zake zilipeleka picha kwa polisi, na kulikuwa na madereva waliowaambia waandishi wa habari kwamba wanaiheshimu kuliko askari wa kawaida.

Hata hivyo, kuamuru ni nusu tu ya kazi. Mjini Kisangani tolekisti, yule anayebeba abiria na mizigo kwa baiskeli, akikaribia makutano hasemi neno. Anapunguza mwendo, anatoa mkono upande anaokwenda, anamtafuta askari kwa macho. Askari anaona mikungu ya ndizi iliyofungwa nyuma, anajua baiskeli hiyo ikisimama ghafla itaanguka, basi anamzuia mwenye pikipiki na kumpisha tolekisti kwa vidole viwili. Mapatano yote hayo yamekwisha kabla filimbi haijalia. Mashine ya kushiriki mapatano ya namna hiyo ni ngumu kuunda kuliko mashine ya kuinua mkono.

Wanaotengeneza droni wamekwisha kuligusa tatizo hilo. Droni ya Spark, iliyotolewa na kampuni ya DJI ya China mwaka 2017, humtambua mtu anayeinyooshea kiganja na kukifuata. Akiipungia, inajitenga naye. Miaka miwili kabla yake, Jessica Cauchard na watafiti wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaachia watu waongoze droni kwa namna yoyote iliyowajia. Wengi waliiita kwa mkono kama wanavyomwita mtu au mnyama wa nyumbani. Baadaye utafiti kama huo ulifanywa China, ili kuona utamaduni unabadilisha nini.

Swali hilo la utamaduni ndilo linaloihusu zaidi Kongo. Mmarekani humwita mtu kwa kugeuza kiganja juu na kukunja vidole. Huku kwetu wengi hugeuza kiganja chini, vidole vikivuta hewa kuelekea mwilini. Droni iliyofundishwa kwa mikono ya California inaweza kuuona mwito huo kama amri ya kushuka, au isiuone kabisa. Kwa mashine inayoruka juu ya vichwa vya watu sokoni, au roboti itakayosimama kwenye njia ya baiskeli za matolekisti, kosa hilo ni la hatari. Dawa yake inajulikana: mashine hizi hujifunza kutokana na picha nyingi za ishara, na hakuna kinachozuia picha hizo kupigwa Kisangani, kwa ridhaa ya matolekisti na askari wenyewe.